Neno "Fast" Kwenye Winchi ya Mtumba

Serafina alikuwa mwanamke pekee aliyeendesha winchi kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Mwakitolyo. Alikuwa mjane kutoka Ushirombo, na wachimbaji walimwita Mama Esta, kwa jina la bintiye.

Ijumaa moja ya Kwaresma msimamizi wao, Makoye, alileta winchi ya mtumba. Ubavuni ilikuwa na kibati cha Kiingereza: MAKE FAST BEFORE LOWERING.

"Fanya haraka kabla ya kushusha," Makoye akatafsiri. "Mnaona? Hata walioitengeneza hawataki uvivu."

Mchimbaji mmoja, Donatus, akakaa kwenye kitanzi cha kamba. Serafina akaanza kumshusha. Alipofika kama mita kumi chini, miguu ya winchi ikakwaruza udongo, kisha winchi nzima ikaanza kuburuzika kuelekea mdomo wa duara.

Serafina akabana breki kwa mikono yote miwili, akakita visigino kwenye gogo la ukingoni. Hakuwa amekula tangu jana jioni. Macho yakamwingia giza.

"Mama Esta, kuna nini?" Donatus aliita.

"Tulia hivyo hivyo! Usijitikise!"

Mawe yakaporomoka. "Mayu wane, mama yangu, ninakwenda!" Donatus akalia.

"Makoye, ifunge winchi kwenye nguzo!" Serafina akapaza sauti.

Makoye alikuwa ameduwaa. Serafina akamtukana kwa Kisukuma, ndipo Makoye akakimbilia kamba. Fundo la kwanza likateleza. La pili pia. La tatu likashika, winchi ikasimama shubiri moja tu kutoka shimoni.

Walipomtoa, Donatus alitambaa pembeni akatapika.

Jumapili baada ya misa, Serafina alimuuliza Anisia, mwalimu wa sekondari, maana ya maneno ya kile kibati. Anisia akafungua kamusi yake nene.

"Maana ya zamani ya fast ni imara, iliyokazwa. Hapo mliambiwa mfunge winchi barabara. Maana ya haraka ilikuja baadaye, kwa mtu anayekimbia kwa nguvu bila kulegea."

"Na ile fast ya Kwaresma?"

"Shina lake ni hilo hilo. Kujishikilia."

"Kumbe Waingereza nao ni kama sisi! Kamba tunafunga, Kwaresma tunafunga."

Jumatatu alimweleza Makoye. Msimamizi akatafuta rangi nyekundu, akaandika juu ya kibati: FUNGA KWANZA.

Donatus aliamua kurudi kwao Kishapu kulima pamba. Siku ya kuondoka alimfuata Serafina pale kwenye winchi, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Walikuwa rika moja. Serafina alisita kidogo, kisha akaitika, "Marahaba."