Swichi ya korido Nzuguni ilivyoondoka na mkono wa binamu yangu

Wakuu, salaam.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo uandishi mtanivumilia. Na hii siyo chai, siyo ya kutunga. Ingekuwa chai ningeitia sukari.

Nilikuwa nimepanga Nzuguni. Vyumba vinne, korido moja, mita moja, main switch moja ukutani.

Nyumba ile umeme ulikuwa unajikata wenyewe mara kwa mara. Swichi inashuka, anayepita karibu anaipandisha, maisha yanaendelea. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tuliizoea kama mlango unaofunguliwa na upepo.

Baadaye chumbani kwangu kukaanza kunuka plastiki inayoungua, harufu inatoka darini. Nikamwita binamu yangu Juma, fundi umeme, tumetoka naye kijijini kwetu Busi.

Niseme haki, Juma hakulipua kazi. Alizima main switch, akapima na tester, akalaza ubao juu ya kenchi, zile mbao za paa, asije akakanyaga gypsum ya dari. Akapita mlango kwa mlango.

"Jamani nipo juu, swichi isiguswe."

Wote tuliokuwepo tukaitikia. Mama Neema wa chumba cha mwisho hakuwepo, alikuwa mazoezi ya kwaya.

Juma akiwa kule juu akaniita. "Kaka, huku panya wameshajenga. Wewe bado unapanga."

Nikacheka sana. Ni kweli, panya walikuwa wametafuna waya mpaka shaba iko nje. Ndiyo iliyokuwa inaangusha swichi siku zote.

Vumbi likamkaba, akaomba maji. Nikatoka uani kumchotea.

Hapa ndipo huwa nakwama nikifikiria. Labda ningesimama tu pale kwenye swichi. Lakini mtu yuko juu, kiu imemshika, kaomba maji. Sijui wakuu. Nyie mtasema.

Mama Neema akaingia kwa mlango wa mbele. Yeye anauza barafu za ubuyu, akakuta friji kimya. Nikamsikia kutokea uani.

"Kila siku mimi tu ndo wa kupandisha hili lidude."

Sikuwahi hata kufungua mdomo, swichi ikapanda.

Juma hakupiga kelele. Tulichosikia ni dari kupasuka. Akaangukia kitanda changu, na vipande vya gypsum juu yake.

Mama Neema huyohuyo ndiye aliyeizima tena, ndiye aliyekimbia barabarani kutafuta bajaji, na wodini alikuwa analeta uji kila asubuhi. Nimejaribu kumchukia, nimeshindwa. Alifanya kilekile tulichokuwa tunafanya sote.

Mwenye nyumba naye alikuja kumwona mgonjwa, nisimnyime chake. Ila dari aliiziba wakati Juma bado amelazwa. Kwenye swichi hakuweka hata kufuli.

Juma yu hai. Mkono wa kulia ndio ulioungua. Vidole vimejikunja, havishiki plaizi wala jembe. Amerudi Busi.

Nilichojifunza, kama kina maana: fundi akipanda darini, kuzima peke yake hakutoshi, na kutangaza hakutoshi, maana kuna ambaye hajarudi. Kisanduku cha swichi kifungwe kufuli, ufunguo akae nao fundi mwenyewe. Kama hakifungiki, mtu akae palepale asibanduke, hata kwa maji. Na wewe mpangaji ukikuta swichi imeshuka, uliza kwanza nani kaishusha.

Idd iliyopita nilikuwa Busi. Juma alienda kumwamkia mzee mmoja mgeni pale msikitini. Akasema shikamoo, akatoa mkono wa kushoto.

Mzee akauangalia ule mkono. Hakuupokea. Akasema, "Vijana wa siku hizi hamkufundishwa."

Simlaumu mzee, hakujua. Siku hizi Juma anaamkia watu kwa mbali, mikono iko ndani ya kanzu.

Kama kwenu mna namna bora ya kulinda swichi, andikeni hapa chini nisome. Na ukikutana na kijana anakupa mkono wa kushoto, upokee kwanza.