Mpole wa Handeni

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Korogwe, na vivumishi nimevifundisha mpaka vimenichosha. Mtu mpole, watu wapole, hata punda mpole: hagombi, hapayuki, hakasiriki ovyo. Kivumishi hiki huifuata nomino yake kwa adabu, na mwanafunzi akikosea hapo namwambia arudi darasa la tatu.

Ila kwenye mambo ya posa neno hilo sitaki hata kulisikia. Mume wa kwanza wa mdogo wangu tuliambiwa ni mpole. Mdogo wangu akarudi nyumbani Kilole na jino moja pungufu.

Basi alipopata mchumba mwingine, mkulima wa Handeni aliyefiwa na mke, mama alinituma nikaulizie kwa majirani kabla ya kupokea posa. Mdogo wangu alimpenda yule bwana, lakini alikuwa anaogopa. Aliniambia safari hii akiumizwa hatarudi kwetu, maana sisi ndio tuliomwozesha kwa maneno ya watu.

Huko Handeni nikaanza na mwenye duka. Mpole. Shehe wa msikitini: mpole, mashaallah. Fundi baiskeli: mpole sana. Hasira zikanipanda. Kijiji kizima na kivumishi kimoja! Nikamuuliza fundi, mpole kwa nani? Kwa majirani, kwa ng'ombe, au kwa mke ndani ya nyumba? Akasema ya ndani yeye hayajui, akarudi kwenye mnyororo wake.

Mwisho nikaenda kwa mama mkwe wa yule mkulima, mama wa mkewe marehemu. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi. Nikampa shikamoo, nikaeleza kilichonileta, nikakaa kusubiri mpole yangu.

Hakunitajia sifa yoyote. Alisema tangu binti yake afariki, mkwe huyo bado anakuja kumlimia kila msimu, na hakuna aliyemwomba. Chakula hali hapo, anamwonea haya mama mkwe; akimaliza ananawa miguu, anaaga kwa mbali, anaondoka. Kisha akaacha kupukuchua.

"Mkimpa mke, mwanangu, mwambieni huyo binti asimkataze kuja."

Nilirudi Kilole nikamweleza mdogo wangu vilevile, bila kuongeza neno. Alilia kwanza. Halafu akauliza kama yule bibi ana jembe la pili.