Jinsi Baba Alivyomchora Mama

Harufu ya rangi iliyozimuliwa kwa petroli inanichosha siku hizi, lakini ndiyo iliyonilea. Nikiisikia narudi mtaani Kamalondo, kwenye ua wetu wa saruji iliyopasuka, ambapo baba yangu alichora juu ya magunia ya unga: vijiji, treni, twiga asiowahi kuwaona, na nyuso za marehemu. Watu wakimwuliza picha anazitoa mahali gani, alijibu, "Mu macho. Fasi ingine iko wapi?"

Nilikuwa na miaka tisa mama alipofariki. Picha yake ilikuwa moja tu, ile ya kadi ya mpiga kura, nayo jasho lilikuwa limeifuta. Tantine Béa, dada yake mama, alitaka sura ya marehemu iwekwe mbele ya altare kwenye misa ya kumaliza kilio. Baba alichora, akafuta, akachora tena. Siku nne gunia lilikuwa na kilemba tu, chini yake hapana uso.

Siku ya tano aliniita. "Mutoto yangu, niambie. Mama yako alikuwa anaikala namna gani?"

Nikamweleza: jioni, amekaa kizingitini mwa jiko, kiatu kimoja amekivua kwa kuwa mguu ulimuuma, amefumba macho, anatabasamu kidogo kama anayesikiliza redio ya jirani. Baba alichora bila kuinuka. Mama akatokea, mchovu, mzuri. Nikalia.

Tantine alipoiona picha alishika kiuno. "Shemeki, ulimuoa ao ulimutumikisha? Bantu batasema nini? Muvalishe kikwembe muzuri, afungule macho!"

Baba hakubisha. Alimfumbua macho, akamvika kikwembe, kitenge cha sikukuu, na viatu vyote viwili. Kanisani watu walisifu. Mimi sikumsalimia baba wiki nzima, nilimwona mwoga.

Kwa miaka mingi nilijivuna kwamba aliniuliza mimi kwa sababu niliona vizuri, kwamba ndipo nilipoanza kuwa mchoraji. Juzi, huku Ruashi ninakoishi sasa, nilikuwa nachora picha ya mteja, nimechoka, namjibu binti yangu "ndiyo, ndiyo" bila kugeuka. Mkono ukasimama. Baba alikaa akichora akiwa ameupa mlango wa jiko mgongo, miaka yote ile. Hakuwa ananipima. Alikuwa hajui mama alikaaje. Ndiyo maana hakubisha Tantine alipomwuliza kama alimwoa mama au alimtumikisha.

Nikageuka. Binti yangu alikuwa ameshaondoka.