Damu ya Mwizi wa Mayai

Jibwa la jirani yangu hapa Kitengela nililichukia kwa moyo wote. Lilikuwa likipenya chini ya waya wa ua, linanimalizia mayai, kisha linajilamba mbele yangu bila haya. Nimelirushia mawe, viatu, na siku moja sufuria ya uji. Mbwa wangu mwenyewe, mpole kupita kiasi, hakuwahi kugusa hata ganda.

Kisha kupe wakamwambukiza mbwa wangu homa. Fizi zake zikawa nyeupe kama karatasi, na kwa siku tatu akakataa chakula. Daktari wa mifugo akasema dawa peke yake haitamwahi. Ni lazima aongezewe damu siku hiyo hiyo, kutoka kwa mbwa mkubwa mwenye afya.

"Kwani hata mbwa huwa na aina za damu kama watu?" nikamuuliza.

"Wako nazo, mama. Lakini mara ya kwanza wengi hupokea ya mwenzao bila shida. Mara ya pili ndiyo lazima tupime."

Mbwa mkubwa mwenye afya nilimjua mmoja tu. Afya yenyewe ilitoka kwenye banda langu la kuku.

Nikameza kiburi, nikaenda kwa jirani, mzee Mmaasai ambaye mbwa wake nilimtukana kila wiki. Hakunicheka. Akaja na jibwa lake nyuma. Daktari alipokuwa akitafuta mshipa wa shingo, mzee akamsogeza mkono polepole.

"Hapa, daktari. Ng'ombe tunamtoa damu hapa tangu nikiwa kijana, na anarudi kula nyasi tu."

Akalishika kichwa akiliimbia kwa sauti ya chini, nalo likatulia mpaka mfuko ukajaa. Damu ilipoanza kumwingia mbwa wangu, mimi mwenyewe nikalimiminia jibwa bakuli la maziwa, nikavunjia mayai mawili ndani. Niliona haya, lakini nilishukuru mno.

"Lakini mama," mzee akasema akiondoka, "huyu wako sasa ako na damu ya mwizi. Usije kulalamika kwangu."

Asubuhi nikakuta gunia alilolalia mbwa wangu likiwa tupu. Nikatoka mbio nikimwita. Alikuwa bandani kwa kuku, miguu ikitetemeka, pua yote kiini cha yai. Akanitazama, akajilamba.

Nikakaa chini vumbini nikicheka na kulia kwa pamoja.

"Mzee!" nikapaza sauti kuelekea ng'ambo ya ua. "Ameiba!"

Kisha nikatia mkono kiotani, nikampa la pili.