Mama Pasi Hakuugua

Mtaani walimwita Mama Pasi kwa sababu alikuwa dobi, na pasi yake ya mkaa haikupata nafasi ya kupoa tangu alipoachiwa watoto watatu awalee peke yake. Wawili walitulia. Kitinda mimba akageuka jambazi, akavamia mabenki mpaka akafia jela. Na kana kwamba aibu hiyo haikutosha, wakaja watu wa filamu.

Mkubwa wao alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai ya mwenyeji, akauliza kijana aliiba kwa nini.

"Alipenda kuiba," Mama Pasi akamjibu huku akinyoosha kola. "Nilimtafutia kazi, akaiacha. Akaniletea hela zake, nikamfukuza nazo. Andika hivyo hivyo, mwanangu."

"Tutaandika, mama," akasema yule bwana bila kupepesa macho.

Uongo mtupu. Siku ya kuonyeshwa filamu ukumbi ulifurika, na Mama Pasi, amekaa mbele na gauni alilolinyoosha likanyooka, akajiona kwenye skrini: kikongwe aliyekonda, anakohoa kitandani, na mwanawe anashika bunduki apate kumnunulia dawa. Yeye, ambaye hospitali alilazwa kwa kujifungua tu! Damu ilimchemka, na nani asingechemka? Akasimama mbele ya watu wote.

"Huyo mama ni mimi," akasema. "Sikuugua. Na hela ya wizi sikuila."

"Kaa chini, bibi, unatuziba," mtu akamjibu kutoka nyuma, na ukumbi ukaendelea kulia.

Asubuhi alikuja mwenye duka la jirani, mteja wake wa miaka mingi, na furushi la nguo. Macho yalikuwa bado yamevimba kwa kilio cha jana. Kabla ya kumkabidhi nguo, akapekua mifuko yote, mmoja mmoja, palepale mlangoni. Hakuna mteja aliyewahi kufanya hivyo. Kwa Mama Pasi ukisahau pete mfukoni, unaikuta juu ya nguo zako zilizokunjwa.

Mwenye duka alimwona anavyomtazama, akamshika bega kwa upole.

"Usione haya, dada yangu. Ulikuwa mgonjwa, ungefanyaje? Hata mimi, mwanangu angeniletea, ningekula tu."

Mama Pasi akamrudishia furushi lake kifuani.

"Kafue mwenyewe," akasema, akafunga mlango.