Mfuko Uliokatwa Nusu

Mimi shule niliiacha mapema, na sitasingizia shida, sikuipenda tu. Kwa hiyo mambo ya mahakama ya Uingereza nitayaeleza nilivyoyaelewa, na anayejua zaidi atanisamehe.

Guangzhou, Uchina, miaka ile watu walikuja na begi tupu wakaondoka na kontena. Mimi nilinunua jinzi Xintang, mji wa karibu, kwa mama mmoja mwenye kiwanda kidogo. Tulimwita Laoban, yaani bosi, ingawa kule hata muuza viazi vitamu vya kuchoma ni laoban. Viazi vile vilikuwa vitamu ajabu, nikivikumbuka mpaka leo mate yananijaa. Lakini nisipotee.

Jinzi zangu zilikuwa na mchoro mfuko wa nyuma: kunguru aliyekunja bawa moja. Nilimchora mwenyewe kwa chaki, juu ya meza ya kukatia kitambaa. Kwetu Mombasa kunguru anakupokonya samaki mkononi, kwa hiyo namjua vizuri. Laoban aliniuliza nani atakubali kukalia ndege. Mombasa walikubali, wakaagiza tena.

Sasa, desturi ya kiwanda chake ilikuwa hivi. Mkikubaliana sampuli, mnaukata mfuko nusu kwa mkasi, mnatia sahihi kila kipande. Kiwanda kinabaki na kimoja, wewe kimoja. Siku ya kuagiza tena unaleta nusu yako, inapangwa na ile nyingine, zikilingana kazi inaanza. Aliyeshika nusu ndiye mwenye mchoro.

Nusu yangu niliiweka kwa jirani yangu wa Mombasa. Tulitiwa jandoni pamoja. Alikuwa na ofisi hukohuko Guangzhou, jengo la Tianxiu, Kichina anakijua, na ndiye aliyenitafsiria tangu siku ya kwanza. Wengi tulimwekea sampuli. Unahama hoteli, mizigo inapotea, lakini kabati la mtu wa kwenu unalihesabu lako.

Siku moja dada yangu aliyeolewa London akanipigia simu kunipongeza.

"Kaka, kunguru wako wamejaa dirishani mwa duka kubwa huku. Mbona hukutuambia umetajirika?"

Mimi London sikuwahi kupeleka hata suruali moja.

Dada akanitafutia wakili, mama mpole. Akaniambia Uingereza hawaangalii nusu ya mfuko iko kwa nani. Wanauliza nani alichora, na kama aliyeiga aliruhusiwa na mwenye kuchora. Laoban akatoa maelezo kwamba alimwona kunguru akichorwa mezani pake. Nikaenda London, nikasimama mbele ya jaji nimevaa koti la shemeji, mikono mirefu mno. Duka likasema lilipewa ruhusa na wakala wangu Guangzhou, mtu aliyewaonyesha nusu ya mfuko yenye sahihi yangu. Likasomwa jina. Wazungu walilitamka vibaya, lakini nililijua kabla halijaisha.

Jaji akasema yule hakuwa na ruhusa ya kutoa, kwa hiyo duka limekiuka hakimiliki yangu. Nikashinda. Fidia ikaachwa ipangwe baadaye.

Niliporudi Guangzhou nilikuwa nikipita Tianxiu kwa upande wa pili wa barabara. Nilijiambia, nikilipwa fidia ya maana, nitamsamehe na tutakula tena pamoja. Nilitaka sana kumsamehe. Ugenini mtu wa kuongea naye kwa lugha ya utotoni hapatikani kila mahali.

Wakili akapiga simu nikiwa kwa Laoban.

"Mzee, duka limeonyesha kwamba suruali zile liliziuza kwa hasara, kwa hiyo faida ya kudai haipo. Jaji amekadiria ada ambayo mngekubaliana kama wangekuomba ruhusa wewe mwenyewe."

"Hilo ni jema. Amekadiria vipi?"

"Alihitaji bei ya kuanzia. Bei iliyokuwepo ni moja, ile waliyomlipa rafiki yako. Ameongeza kidogo."

"Ile ni bei ya mwizi, mama."

"Nilimwambia jaji hivyo. Lakini ndiyo bei pekee iliyowahi kulipwa kwa kunguru wako."

Akanitajia. Ilikuwa pesa ya kununulia jozi ya viatu vizuri.

Nikakumbuka maonyesho ya biashara kule Pazhou. Mimi na yule rafiki yangu tulikuwa tunatembea kumbi zile mpaka nyayo zinawaka, naye kavaa viatu vipya vya ngozi ya kahawia. Nilimsifu. Nilimwambia leo umependeza kama bwana harusi, akacheka akanishika bega.

Nikaenda Tianxiu. Alikuwa anakunywa chai.

"Yakhe, umepotea," akasema. "Kaa."

Sikukaa. "Kama uliamua kuniuza, mbona hukuniuza ghali?"

Hakukana. Aliitazama chai yake. "Mzungu alitaja bei, nikaona ni mchoro tu wa ndege. Sikujua ungeenda kortini kwa ajili ya ndege."

"Na mimi je, sikuwa mbali. Ungeniuliza."

"Ungekataa."

Nikamwomba nusu yangu. Akafungua kabati, akaipata upesi, akanikabidhi kwa mikono miwili kama tunavyofunzwa kwetu. Kisha akainuka anisindikize hadi kwenye lifti. Miguuni alikuwa na viatu vilevile, visigino vimeanza kulika upande. Nilimwambia abaki na chai yake, nikashuka kwa ngazi.