Mchonga Mihuri na Mkamwana Wake

Mzee Ambilikile wa Mpuguso hana alama za vidole. Msicheke, ni kweli. Miaka ishirini na minane ya kushika wembe imemkwangua kidole gumba mpaka kimekuwa laini, na siku ya kujiandikisha kupiga kura mashine ilimgomea mara tatu. Mwandikishaji akamuuliza, "Mzee, wewe ni mtu kweli?" Akajibu, "Muulize mke wangu, mimi mwenyewe sina uhakika."

Kazi yake ilikuwa kuchonga mihuri. Alikuwa na kibanda karibu na soko la Tukuyu, kimeza, taa ya betri na boksi la raba. Walimu wakuu walipita pale, wenyeviti wa vijiji walipita, makatibu wa vyama vya wakulima wa chai walipita, kila mmoja na barua yake ya ofisi mkononi. Aliyekuja bila barua alifukuzwa na gongo la mlango, hata awe amevaa suti. Watu walikuwa wakitania kwamba barua iliyotoka Rungwe bila kazi ya Ambilikile ndani yake, basi hiyo ni ya mapenzi.

Halafu wakaja vijana wenye kompyuta na mashine. Muhuri nusu saa, tena unajipaka wino wenyewe. Mzee akafunga kibanda, akabeba boksi lake mpaka nyumbani, akakaa barazani na kununa. Alinuna miezi minne. Na kwa kuwa ni mtu wa bidii, alinuna vizuri, kuanzia asubuhi mpaka jioni, bila kuruka siku. Mke wake, Esnath, aliniambia mimi mwenyewe kwamba hata uji alikuwa anaunywa kwa kununa.

Aliyemtoa kwenye kununa ni mkamwana wake, na hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu mkamwana huyo alikuwa hamjui sura.

Ngoja niwaeleze. Wanyakyusa wa zamani wana mwiko wao: mke wa mwanao hakutazami, nawe humtazami. Hamzungumzi, hamkai chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba. Ni heshima. Nyumba nyingi siku hizi zimeshaacha, watu wanakula meza moja na wakwe zao na hakuna kilichoanguka. Lakini nyumba ya Ambilikile ilikuwa bado inaushika mwiko huo, na aliyeushika kwa mikono miwili hakuwa mzee, alikuwa Esnath. "Mimi nimejificha kwenye migomba ya mkwe wangu miaka kumi na tisa," alikuwa akisema. "Leo huyu apite hivi hivi tu? Kwa lipi?"

Basi kijana wao Dennis, fundi wa magari Mbeya, akaoa mwalimu wa shule ya msingi anayeitwa Pudensiana, msichana wa Sumbawanga, ambaye hakuwa amewahi kusikia habari kama hizo. Akaelezwa, akashangaa, akakubali. Dennis akamjengea nyumba ndogo upande wa pili wa uwanja. Tangu hapo mzee akitaka kupita uwanjani anakohoa kwanza, na mwalimu anasikia, anakwenda nyuma ya nyumba. Miaka mitatu yote mzee alichokiona kwa mkamwana wake ni kisigino na pindo la kitenge.

Sasa, Pudensiana alikuwa na mkono wa kazi. Siku moja Esnath alimpa lile boksi la mihuri iliyoharibika ili watoto wa shule wakachezee. Mwalimu hakuipeleka shule. Alikata karatasi ya manila, akaichovya kwenye chai ya rangi mpaka ikawa na wekundu wa udongo, akachukua ukingo wa muhuri mmoja wa mviringo akaugonga, akaugeuza, akaugonga tena, mpaka likatokea ua. Akabandika chini yake gome kavu la mgomba na kipande cha kitenge. Ikawa kadi. Esnath akaileta barazani kumwonyesha mzee.

Mzee akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Loo!" akasema. Ndilo neno la kwanza la furaha lililomtoka baada ya miezi minne. Jioni ile ile akachukua ndala kuukuu, akakata kipande cha soli, akachonga jani la chai, lenye mishipa yake yote, akamtuma Esnath alipeleke ng'ambo ya uwanja.

Ikaanza hivyo. Yeye anachonga, mwalimu anagonga na kubandika. Akachonga mkungu wa ndizi, akachonga ng'ombe, akachonga Mlima Rungwe na wingu lake kichwani. Yule naye alitafuta vya kubandika: karatasi ya mfuko wa saruji, mbegu, uzi wa katani, majani ya chai yaliyokwisha kutengenezwa. Watu wakaanza kuulizia hizo kadi mpaka mjini.

Tatizo lilikuwa tarishi. Kila neno lilipita kwa Esnath, na Esnath ni mwanamke mwema sana lakini neno likikaa kwake njia nzima ya uwanja, linafika limebadilika. Mzee anasema, "Mwambie asikandamize sana, wino utavuja." Esnath anafika: "Mzee anasema unamaliza wino." Mwalimu anauma mdomo. Mwalimu anasema, "Mwambie baba mlima umependeza mno." Esnath anarudi: "Anataka mlima mwingine."

Hilo lingevumilika. Lakini mzee alikuwa na jambo lililomkosesha raha, na hakulisema kwa mtu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaingia ukungu, na la kulia limeanza. Alijua kwamba baada ya mwaka mmoja, labda miwili, wembe na raba vitakuwa habari za zamani. Dennis hakuutaka ufundi huo kabisa. Mtu pekee duniani aliyeutaka alikuwa ng'ambo ya uwanja, na mzee alijua anautaka, kwa sababu siku hizi kwenye kadi zilianza kutokea alama ndogo ndogo ambazo hakuzichonga yeye. Nyota zilizopinda. Jani dogo lililokatika shina. Mwalimu alikuwa anajifundisha peke yake. Na Esnath aliporudi siku moja akasema, "Mwalimu kafunga plasta vidole viwili," mzee alikosa usingizi. Kuchonga hakutumwi kwa mdomo. Lazima ukae karibu na mtu, uone anavyoshika.

Ikaja kazi ya kipaimara. Kanisa likaomba kadi themanini, kila mtoto na kadi yake yenye jina lake, ibada Jumapili. Na mvua ya Tukuyu ikashuka tangu Jumatatu bila kupumzika. Kadi hazikauki. Jikoni zitanuka moshi. Pudensiana akaona mahali pamoja tu penye bati na hewa, napo ni bandani kwa Meneja.

Meneja ni ng'ombe wa maziwa, na jina amepewa kwa kuwa hafanyi kazi yoyote ila kuangalia wengine wakifanya. Mwalimu akafunga kamba juu bandani, akazianika kadi kwa vibanio vya nguo, akarudi ndani kusahihisha madaftari. Kwao Sumbawanga ng'ombe wanajua nyasi. Hakufikiria kwamba huku kwetu ng'ombe amekuzwa kwa migomba, na kadi zile zilikuwa gome la mgomba tupu.

Kulikuwa na jingine. Gundi yake ilikuwa uji wa ngano, na mzee alikuwa ametuma ujumbe: "Atie chumvi kidogo, kwa ncha za vidole viwili, isichache." Esnath akafikisha: "Tia chumvi." Mwalimu akatia konzi nzima, na chumvi ndiyo sukari ya ng'ombe.

Ijumaa alasiri Esnath alikuwa msibani Kyimo, atarudi kesho yake. Mzee akaingia bandani na mzigo wa vigogo vya mgomba begani, akamkuta Meneja amefumba macho kwa utamu, kibanio kinaning'inia mdomoni.

"Mungu wangu!"

Akataka kuita. Amwite nani? Jina la mkamwana hakuwahi kulitamka. Kumfuata mlangoni haiwezekani. Na Meneja ananyoosha ulimi kwenye kadi nyingine. Basi mzee akamgeukia ng'ombe, akapaza sauti mpaka jirani akasikia: "Wewe Meneja! Unakula kadi za kipaimara! Mwenye kadi yuko wapi? Aje mbio!"

Pudensiana akatoka mbio peku, kichwa ameinamisha, akaona mabuti ya mvua ya mkwewe, akageuka akampa mgongo. Naye mzee akageuka. Wakaziokoa kadi hivyo hivyo, mgongo kwa mgongo, kila mmoja anapapasa kamba kwa upande wake, na Meneja katikati anatafuna. Walipomaliza, zimebaki arobaini na tisa.

Akasikia mwalimu analia. Hakulia kwa sauti, lakini banda ni dogo. Mzee alisikia uchungu ambao hata kibanda kilipofungwa hakuusikia.

"Meneja," akasema, "mwambie mwenye kadi asilie. Zilizoliwa tutazitengeneza upya. Na mwambie, hivi chumvi alitia kiasi gani?"

Halafu sauti nyuma yake ikasema, "Meneja, mwambie baba niliambiwa nitie chumvi. Nikatia konzi."

"Konzi! Nilisema ncha za vidole!"

"Mama hakuniambia vidole."

Mzee akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika nguzo, na nyuma yake akasikia kilio kinageuka kicheko, na hapo, jamani, alitamani kugeuka kuliko alivyowahi kutamani kitu. Hakugeuka. Alifikiria miaka kumi na tisa ya Esnath.

Jumamosi asubuhi walipata ufumbuzi, kwa njia ya Meneja vilevile. Meza ikawekwa barazani, na katikati yake, kati ya nguzo mbili, mwalimu akatundika kitenge cha mama mkwe alichokikuta kwenye kamba ya nguo. Mzee upande huu, yeye upande ule. Mihuri ikawa inapita chini ya pindo. Mzee anachonga majina kwenye ndala, herufi zimegeuka kama inavyotakiwa, anasukuma. Mkono unatokea, unachukua. Kufika saa nne walikuwa wamezoea kiasi kwamba mwalimu alianza kuimba.

Halafu kuimba kukakoma, mzee akasikia sauti nyingine. Wembe kwenye raba. Mwalimu alikuwa anajaribu jina la mwisho yeye mwenyewe, kusudi amsaidie. Na mzee, ambaye haoni vizuri, anasikia vizuri sana. Wembe ulikuwa unakwaruza, unakwama, unaruka. Alijua bila kuona kwamba anaukaba wembe kwa kidole gumba na kukata kwa kujivutia. Mwisho wake ni damu. Akafungua mdomo, akaufumba. Meneja alikuwa mbali, bandani. Jasho likamtoka mzee wa watu, na baridi yote ile ya Tukuyu.

"Kitenge changu!"

Ni Esnath, ameingia uwanjani na mwavuli na kapu, matope mpaka magotini. Hakusalimu. "Kitenge changu cha Pasaka! Mmekitia wino! Ebo! Nyie watu, nyie mna akili?" Akapanda ngazi, akashika pindo, na kwa mkono mmoja akakivuta chote chini.

Mzee akamwona mkamwana wake. Alikuwa na uso wa mviringo, na wino puani. Mwalimu akashtuka, akajifunika uso kwa viganja, na viganja navyo vimejaa wino, kwa hiyo akawa amejipaka mashavu yote mawili. Hakuna aliyecheka. Wote wawili walimtazama Esnath.

Esnath alisimama na kitenge mkononi. Alitazama kadi mezani, akatazama wembe, akatazama plasta za yule msichana.

"Baba yako," akamwambia mumewe, "nilimpikia miaka kumi na tisa. Alikufa sijasikia hata siku moja sauti yake ikinisemesha mimi. Sikujua hata kama chakula changu alikipenda."

"Alikipenda," mzee akasema.

"Sasa ndiyo unaniambia!" Akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Naenda kukifua hiki. Na mvua hii, hakikauki leo wala kesho. Wala mwezi huu." Akaingia ndani nacho, wakasikia beseni likiwekwa chini kwa kishindo.

Mvua ikanyesha. Mwalimu alishusha viganja polepole, lakini macho bado yalikuwa kwenye meza. Mzee akakohoa, kwa mazoea, na safari hii hakuna aliyekimbia. Akavuta kigoda chake, akazunguka nacho meza, akakaa upande wa pili.

"Usiukabe wembe hivyo, mwanangu," akasema. "Utajikata."

Pudensiana akainua macho. "Nionyeshe, baba," akasema, akamwekea kipande cha ndala mkononi.